Mtoto Anataka Kile Wenzake Wanakula



Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo hapa Witeithie kuna swali linalorudi kila mara. Mzazi anamfungia mtoto wa nasari ndizi na kipande cha kiazi kitamu. Jioni mkoba unarudi, ndizi imepondeka na kuwa nyeusi, kiazi hakijaguswa. Mtoto akiulizwa anasema wenzake wote walikuwa na krisps na yeye hakutaka kuchekwa. Siku ya pili anakataa kubeba chochote. Siku ya tatu mzazi amechoka, anatoa shilingi kumi, na duka liko pale pale mlangoni mwa shule. Basi wazazi wanauliza: tufanye nini na mtoto ambaye nyumbani anakula vizuri, lakini wenzake wanakula ovyo?

Tutajibu kadiri tuwezavyo. Wale waliotarajia orodha ya vyakula vyenye vitamini watusamehe. Orodha hiyo karibu kila mama anaijua, kliniki alifundishwa, na picha za matunda ziko ukutani. Hakuna mama aliyetuambia kwamba hajui ndizi ni bora kuliko peremende. Shida iko kwa wale watoto wengine, kwa hiyo tutaanza na hao.

Mtoto anatafuta nini kwa hiyo pakiti?

Ukipata nafasi, simama kando uangalie watoto wa miaka mitatu hadi sita wakati wa mapumziko ya saa nne. Mwenye pakiti anazungukwa mara moja. Karatasi ikilia tu, mikono inanyooshwa: “Nionjeshe!” “Nigawie moja!” Kwa dakika tano huyo mtoto ni chifu. Anachagua nani apewe na nani anyimwe, na wote wanajua kwamba aliyepewa leo atarudisha kesho. Ndivyo urafiki unavyojengwa katika umri huo. Maneno yao bado ni machache, kwa hiyo wanaongea kwa vitu.

Sasa mwangalie mwenye ndizi moja. Ndizi moja haigawanyiki kwa watu sita. Hailii ikifunguliwa, na hakuna anayeomba kuonja kwa sababu kila mmoja anaijua. Mtoto anaila peke yake akitazama ukuta, au anaificha. Na kama amebeba nduma, kuna yule mmoja mjuaji wa kusema, “Hiyo ni chakula ya ushago.” Mtoto wa miaka minne hana jibu la neno hilo. Jibu lake ni kukataa nduma.

Kwa hiyo mtoto anapolilia krisps, mara nyingi hana njaa, na wala ulimi wake haujaharibika. Anaogopa kubaki nje ya mviringo. Mzazi asipoliona hilo ataanza kupigana na tumbo, na vita viko mahali pengine.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka wa 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alichapisha utafiti wake juu ya watoto wa shule ya chekechea. Kwanza alitafuta kila mtoto anapenda mboga gani na ipi haipendi sana. Halafu akamkalisha mtoto meza moja na watoto watatu au wanne wanaopenda ile ambayo yeye haipendi. Wakati wa chakula cha mchana kila mtoto alichagua mboga yake. Siku ya kwanza yeye ndiye aliyetangulia kuchagua, na kuanzia siku ya pili wenzake walichagua kabla yake. Siku ya kwanza watoto wengi walishikilia mboga waliyoizoea. Kufikia siku ya nne, wengi walikuwa wanachukua ile ya wenzao. Walipopimwa tena wiki kadhaa baadaye, mabadiliko yalikuwa bado yapo. Hakuna aliyewahubiria wala kuwaahidi zawadi. Waliona tu wenzao wakila.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Nguvu ile ile inayomvuta mtoto kwenye krisps ndiyo iliyowavuta hao wa Birch kwenye mboga wasiyoitaka. Wenzake mtoto ni kama maji ya mto, yanaelekea upande uliochimbwa. Mzazi mmoja akisimama peke yake kuyazuia atachoka, lakini wazazi watano wakichimba pamoja yanageuka.

Kukataza kabisa nako kuna hasara

Wazazi wengine husema, “Kwangu haiingii peremende hata moja.” Tunaheshimu msimamo huo. Lakini Birch huyo huyo, akiwa na mwenzake Jennifer Fisher, alichapisha mwaka wa 1999 utafiti mwingine ambao ni vizuri kuujua. Watoto waliwekewa aina mbili za biskuti. Moja walikula wapendavyo. Nyingine iliwekwa mezani ndani ya chombo kinachoonyesha ndani, wanaiona lakini hawaruhusiwi isipokuwa kwa muda mfupi. Ile iliyozuiwa ndiyo waliyoizungumzia, ndiyo waliyoiomba, na muda ulipofunguliwa waliikimbilia.

Mtoto aliyekatazwa kabisa nyumbani tunamwona kwenye sherehe. Anakula peremende kana kwamba kesho haipo, na nyingine anaficha kwa soksi. Kwa hiyo katikati ya kuruhusu kila siku na kutoruhusu kamwe kuna njia. Kile unachotaka mtoto ale kiwe karibu na kiwe kingi. Kile usichotaka kisikae ndani ya nyumba kikimwangalia kutoka juu ya kabati. Akikipata mara moja moja mahali pengine, usipige kelele.

Na tusimwambie mtoto, “Ukimaliza sukuma nitakununulia soda.” Neno hilo linamfundisha kwamba sukuma ni adhabu na soda ni taji.

Mwilini kunatokea nini?

Tumbo la mtoto wa miaka minne ni dogo. Hawezi kula mara tatu tu kama mtu mzima halafu asubiri kesho. Anahitaji milo mitatu na kitu katikati, mara moja au mbili kwa siku. Chakula cha saa nne basi si kumdekeza, ni sehemu ya chakula chake. Hapo ndipo hasara inapoingia. Akilijaza hilo tumbo dogo kwa krisps na juisi ya rangi, saa saba atakataa githeri. Mama atasema mtoto hana hamu ya kula na kwenda kutafuta dawa ya minyoo. Kumbe hamu ilikuwapo, ila ilitumika mapema kwa wanga, mafuta na chumvi, bila protini ya kutosha kujenga mwili, na bila madini ya chuma au vitamini A za maana.

Taifa letu limepiga hatua. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2008-09 ulionyesha kwamba watoto 35 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka wa 2014 walikuwa 26. Mwaka wa 2022 walikuwa 18. Ni jambo la kushukuru, lakini 18 katika 100 bado ni karibu mtoto mmoja kwa kila watano. Na upande wa pili mlango mwingine unafunguka. Mwaka wa 2025 UNICEF ilitangaza kwamba duniani kote watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 walionenepa kupita kiasi sasa wamewazidi wale wenye uzito mdogo. Kusini mwa Sahara hatujafika hapo. Lakini vyakula vilivyowafikisha wengine huko ndivyo vinavyoning'inia kwa duka letu, kwa pakiti ndogo za shilingi tano na kumi zilizopimwa sawasawa na mfuko wa mtoto.

Kuhusu sukari, tufanye hesabu pamoja. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, nyingine zaidi. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Hivyo chupa moja ni vijiko saba au nane. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari na watafiti wa moyo cha Marekani, American Heart Association, kilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asipite gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa. Yaani chupa moja imeshapita kipimo cha siku nzima, kabla hatujahesabu ile ya chai na uji. Ukinunua juisi ya pakiti, geuza nyuma usome. Vitu vinaandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Kama sukari inafuata maji moja kwa moja, tunda liko kwenye picha tu.

Meno nayo yana habari yake. Kinachoyaoza si wingi wa sukari peke yake, bali pia mara ngapi inaingia. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hushambulia jino kwa nusu saa hivi kabla ya mate kuituliza. Mtoto anayenyonya lolipopu kidogo, anaifunga kwa karatasi, anainyonya tena baadaye, anaanzisha vita upya kila mara. Afadhali amalize tamu yake pamoja na chakula kisha anywe maji.

Kwa nini tunatoa hiyo kumi?

Tuseme ukweli, bila kulaumu mtu. Wazazi wengi hapa Witeithie huamka kabla ya jua. Kuna wanaokimbilia viwanda vya Thika, kuna wa mashamba ya kahawa na maua, wa mjengo Juja na Ruiru, na kuna wanaopanga mboga sokoni kabla ya saa kumi na mbili. Mtoto anaachwa na dada yake au jirani, anapelekwa beibikea au nasari, na ile sarafu ya shilingi kumi ndiyo njia pekee ya mzazi kusema “nakukumbuka”. Mama mmoja wa jumuiya alituambia, “Sista, si kwamba sipendi kupika. Saa kumi na moja mimi niko steji.” Anayemwambia huyo apike vibanzi vya viazi vitamu alfajiri hajui Witeithie.

Lakini sarafu hiyo ni ghali kuliko inavyoonekana. Shilingi kumi kwa siku tano ni hamsini kwa wiki. Nyumba yenye watoto wawili ni mia moja. Muhula wa wiki 13 ni shilingi 1,300, na mwisho wa muhula hakuna ulichojenga mwilini mwa mtoto. Pesa basi ipo. Kinachokosekana ni muda, na muda mtu hawezi kuukopa dukani. Unaweza kuukopa kwa jirani.

Njia ya ploti

Wengi wetu tunaishi kwa ploti, vyumba vikitazamana, bomba moja, kamba moja ya nguo. Watoto watano au sita wa ploti moja mara nyingi huenda nasari moja. Huo tayari ni mviringo. Wakila kitu kimoja, hakuna wa kumcheka mwenzake, na wakiwa sita katika darasa la ishirini, ni wengine watakaokuja kuomba kuonja.

Tumeona akina mama wakifanya hivi. Kila mmoja badala ya kumpa mtoto sarafu anamkabidhi mama mmoja ambaye wiki hiyo yuko nyumbani, au anafanya kazi ya usiku, au ndiye shosho wa ploti. Watoto sita kwa shilingi kumi ni shilingi sitini kwa siku, mia tatu kwa wiki. Jioni anachemsha sufuria moja ya viazi vitamu, au nduma, au mahindi, au malenge, kulingana na kilichopo sokoni. Makaa au gesi ni ya mara moja badala ya mara sita. Asubuhi kila mtoto anapata mkebe wake. Wiki inayofuata zamu inahama. Jina la mji wetu kwa Kikuyu ni “jisaidie”, na tunafikiri waliolitoa hawakumaanisha kila mtu na lake.

Mambo matatu huvunja mpango kama huu, kwa hiyo yazungumzwe mapema. La kwanza ni pesa. Iandikwe kwa daftari na kila mtu aone, kwani shilingi hamsini imetenganisha majirani wengi. La pili ni usafi: mikono, sufuria, mikebe. La tatu ni mzazi mmoja anayesema sawa mkutanoni halafu asubuhi anampa wake kumi kwa siri. Huyo msimsute mbele ya watoto. Wekeni siku moja kwa wiki ambayo kila mtoto yuko huru kununua anachotaka, na mzigo utapungua kwa wote. Wengine walipanga Ijumaa, wengine wakauliza mbona siku ya kufunga ndiyo iwe ya peremende. Basi pangeni Jumatano, hatugombani.

Katika mkebe weka vya kugawa. Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote. Ndizi moja nzima ni ya mtu mmoja. Ndizi ndogo tamu nne, au kiazi kitamu kilichokatwa vipande vyembamba kama chipsi na kukaushwa kwa kikaango kikavu hadi pembeni kikauke, hivyo vinaruhusu mtoto aseme “chukua”. Mtoto anapenda pia kitu kinacholia mdomoni, kwa hiyo chapati iliyokaushwa na kukatwa vipande inapendwa kuliko laini. Rangi inamvuta: embe, papai, nanasi, kiazi kitamu cha ndani ya njano. Sisi wa upande huu hatuna sababu ya kulia. Mananasi tunayaona barabarani kutoka Gatundu, maparachichi yanashuka kutoka Murang'a, na mapera huota kwenye ua bila kupandwa na mtu. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na watoto walilila miaka yote kabla ya pakiti kufika. Siku hizi linaoza chini ya mti kwa sababu halina tangazo.

Jioni muulize mtoto, “Kesho unataka ndizi au kiazi?” Usimwulize “Unataka nini?” kwa maana jibu unalijua. Akichagua mwenyewe kati ya viwili, kesho hawezi kusema umemlazimisha.

Na mfundishe neno la kujibu. Akiambiwa ni chakula ya ushago, aseme, “Ni tamu, unataka kuonja?” Mwenye kucheka anageuka kuwa mgeni. Fanyeni mazoezi nyumbani, mama akiwa ndiye yule mchokozi. Watoto hufurahia sana mchezo huo. Lakini tusiwafundishe wetu kusema kwamba wanaokula krisps mama zao hawawapendi. Mama huyo ni jirani, na huenda yuko steji saa kumi na moja.

Mwenye duka na mwalimu

Mwenye duka si adui. Mara nyingi ni mzazi wa nasari hiyo hiyo na huketi nasi kanisani. Anaweka peremende mbele, urefu wa macho ya mtoto, kwa sababu ndizo zinazotoka. Wazazi wanne wakimwendea pamoja na kumwambia kwamba watoto wao watakuja na shilingi kumi ya ndizi au yai la kuchemsha la kugawana, atapanga ndizi. Mfanyabiashara husikia pesa haraka kuliko mahubiri. Peremende zikihamia rafu ya juu, nusu ya kilio cha jioni inakwisha.

Mwalimu naye ana nguvu ambayo mzazi hana, kwa kuwa sheria yake ni ya wote. Waliosoma miaka ya themanini watakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanzishwa na Rais Moi mwaka wa 1979, katika pakiti za pembe tatu. Hatukumbuki mtoto aliyechekwa kwa kunywa maziwa. Alichekwa nani, na darasa zima lina pakiti mkononi? Mpango ule ulififia miaka ya tisini, lakini somo lake ni kwamba kila mtoto akiwa na kitu kile kile, aibu haina pa kukaa.

Na tusidhani hayo yalikwisha na Nyayo. Hapo Ruiru tu, mwaka wa 2012, mtaalamu wa lishe Wawira Njiru alianza kuwapikia watoto 25 wa shule chakula cha mchana. Kazi hiyo ndiyo leo inaitwa Food4Education. Mwaka wa 2023 iliungana na Kaunti ya Nairobi katika mpango wa Dishi na County, ambapo mzazi huchangia shilingi tano kwa sahani na mtoto hulipa kwa kifaa anachovaa mkononi. Mtoto wa mwenye nacho na wa asiye nacho wanapanga mstari mmoja kwa sahani moja. Nasari zetu ndogo haziwezi kujenga jiko la namna hiyo, ila zinaweza kuweka sheria moja: saa nne tunakula kilichotoka nyumbani, tukiwa tumeketi pamoja, na mwalimu naye anakula nasi. Mwenye nasari humsikiliza mzazi anayelipa karo. Waendeeni wawili wawili.

Tahadhari

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima wala bisi, hukwama kooni na kuziba pumzi. Njugu zisagwe, zipakwe kwa mkate au kiazi. Karoti ichemshwe kidogo kwanza. Mtoto akila aketi, asikimbie na chakula mdomoni.

Kabla ya kugawa njugu, mwulizeni mwalimu kama kuna mtoto ambaye mwili wake unazikataa. Mwingine huvimba na kukosa pumzi kwa chembe ndogo tu.

Njugu au mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yenye uchungu, tupeni. Msioshe na kukaanga mkidhani sumu imetoka. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiishi kwa moto wa jikoni. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki nchini kwa mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui, na uchunguzi wa mahindi ya sokoni ulifika hadi wilaya ya Thika.

Matunda yaliyokatwa na kuachwa wazi kando ya barabara yana nzi na vumbi la magari. Afadhali tunda zima, lioshwe nyumbani. Yai lichemshwe hadi liwe gumu na liliwe saa nne hiyo hiyo, lisirudi jioni. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, kwa hiyo chupa ya mtoto iwe na maji safi. Maziwa lala au uji wa wimbi ni vizuri pia, ukiwa na chombo kinachofunga.

Akikataa

Atakataa. Chakula kipya mtoto hukikubali baada ya kukionja mara nane, kumi, hata kumi na tano. Wazazi wengi huacha ya tatu na kusema “huyu wangu hapendi malenge”. Weka kipande kimoja kidogo kando ya kile anachokijua, usimlazimishe, usimbembeleze, wewe kula chako. Kesho kutwa weka tena.

Shosho akija kutoka Gatundu na mfuko wa peremende, msimwaibishe mbele ya wajukuu. Mwambieni kabla hajapanda matatu kwamba watoto wameuliza ndizi zake. Atafurahi, ndizi anazo, na peremende alizinunua kwa kuwa alidhani watoto wa mjini hawali kitu kingine. Sherehe za kuzaliwa na za Komunyo ya Kwanza ziwe na keki yake. Soda moja Jumapili moja haijamharibu mtoto ambaye wiki nzima amekula vizuri. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanapokutana baada ya Misa, wazazi wa zamu wanaweza kuleta beseni la machungwa yaliyokatwa. Hapo watoto arobaini watakula pamoja, na wengi wao wako nasari moja na wako.

Na kwa mama yule wa steji: viazi vitamu vikichemshwa na maganda jioni, vikaachwa vipoe na kufunikwa kwa kitambaa safi mahali penye baridi, asubuhi bado ni vizuri. Vimenywe wakati wa kufunga mkebe, si usiku. Ndizi ziwekwe nzima, parachichi lisikatwe mapema. Kazi ya asubuhi inabaki dakika tatu, na hata dada yake wa darasa la nne anaiweza.